Jinsi ya kuchambua sababu za rais akipeleka jeshi kwenye vita ya jirani

Rais akitangaza kapeleka jeshi kwa jirani, msianze kubishana ana haki au hana, kwanza zipimeni sababu zake. Mi natumiaga kesi ya Museveni na Sudan Kusini maana watu wengi walikufa kule na bado tunaiongelea juujuu.

Anza kwa kuandika kila sababu na tarehe yake. Mapigano ya Rais Kiir wa Sudan Kusini na Machar aliyekuwa makamu wake yalilipuka Juba tarehe 15 Desemba 2013, mwezi haujaisha UPDF, yaani jeshi la Uganda, washaingia, ikasemwa wanaenda kuokoa raia wao, na hiyo ilikuwa kweli kabisa, wafanyabiashara wa Kiganda walikuwa wamejaa soko la Konyo Konyo na familia zao nyumbani zimechanganyikiwa. Ikaja kulinda uwanja wa ndege na barabara ya Nimule, mji wa mpakani na Uganda, ikaja Kiir mwenyewe katuita. Sababu zikiongezeka hivyo usikimbilie kusema uongo, andika tu ipi ilikuja lini.

Alafu fungua ramani, hapa ndo penyewe. Raia wa Uganda ukimuokoa Juba unampeleka kusini, Nimule, anavuka mpaka. Sasa Januari 2014 UPDF wako upande wa Bor, kama kilomita 200 kaskazini ya Juba, wanapigana bega kwa bega na jeshi la Kiir, na Museveni mwenyewe akakiri akiwa Luanda kwamba wanajeshi wake wamepigana. Bunge lake lilibariki mwezi huohuo, jeshi likiwa lishaingia tangu Desemba.

Tafuta na kile kisichotajwa sana. Khartoum, yaani serikali ya Sudan, ilimsaidia Kony, kiongozi wa waasi wa LRA waliopigana na Museveni, miaka ya 90, na Machar alisaini mkataba na Khartoum 1997, kwa hiyo Kampala hofu ya nani akae Juba ni ya zamani, hata mtu kama humpendi Museveni hilo usiliruke. Biashara nayo ipo, barabara ya Nimule ndo inapitisha mizigo.

Mwisho angalia wanatoka lini. Waliondoka mwishoni mwa 2015 baada ya mkataba wa amani wa Agosti. Julai 2016 Juba ikawaka tena, safari hii UPDF walienda na msafara wa malori, wakachukua watu, wakarudi ndani ya siku chache. Weka hizo mbili pembeni kwa pembeni, alafu chukua habari za Machi 2025 jeshi lilipopelekwa Juba tena, uzipitishe humohumo.