Jinsi ya kwenda kliniki ya magonjwa ya zinaa ukatibiwa ukapona kweli

Tuseme ukweli, kinachowafanya watu wasiende kliniki ya serikali sio foleni wala sindano, ni aibu. Aibu ndo inampeleka mtu kununua vidonge kwa kukisia, anakunywa siku tatu usaha unakata, anashangilia, wiki mbili baadaye mambo yaleyale yamerudi na sasa mpenzi wake naye analalamika tumbo. Najua kwa sababu nimepita humo. Kwahiyo nakuelezea safari nzima ilivyo, toka nyumbani mpaka unarudi mara ya pili, maana hiyo ya pili ndo watu wengi hawaendi.

Kwanza kabla hujatoka nyumbani. Usimeze antibiotiki yoyote ya kubahatisha, maana inaweza kuvuruga majibu ya vipimo na bado isikuponye. Kama umeshameza basi usifiche, beba hata paketi tupu ukamwonyeshe dokta. Pili, mkojo. Hapa nilifanya ujinga siku yangu ya kwanza, nilipofika nikapitia chooni nikamaliza vyote kwa sababu ya wasiwasi, afu nesi akanipa kikopo. Akaniuliza umekojoa saa ngapi, nikasema sasa hivi, akaguna akanionyesha benchi. Nilikaa hapo zaidi ya saa nzima na kikopo kitupu mkononi kama mtu anayeuza kitu. Kwa kipimo cha kisonono na klamidia (ugonjwa mwingine wa zinaa wa bakteria) wanataka ukae angalau saa moja hujakojoa, na wanataka mkojo ule wa kwanza kabisa unaotoka, kidogo tu, sio wa katikati. Kile kipimo kingine cha maambukizi ya njia ya mkojo ndo wanataka wa katikati, na watu wanachanganya hivi viwili kila siku, kwahiyo uliza ni cha nini kabla hujaingia chooni.

Dada zangu, msijisafishe kwa ndani siku hiyo wala jana yake, si kwa sabuni wala kwa maji ya ndimu wala kwa kitu chochote. Najua mtu unataka uende msafi lakini ule uchafu unaouosha ndo wanaoutafuta. Osha nje kama kawaida, inatosha.

Mapokezi huna haja ya kutangaza shida yako. Sema tu "nina shida sehemu za siri naomba kuonana na daktari", wameshasikia hiyo mara elfu. Sehemu nyingi huduma hii iko pamoja na uzazi wa mpango au chumba cha kupima VVU, kwahiyo usishangae ukielekezwa upande wa kina mama na we ni mwanaume. Akikuuliza maswali kwa sauti mbele za watu una haki ya kusema hayo nitamjibu daktari ndani.

Ukishaingia chumbani na mlango umefungwa, hapo sasa aibu iache nje. Yaani dakika tano hizo ndo zinaamua utapewa nini. Mwambie dalili zimeanza lini, mara ya mwisho kufanya mapenzi ilikuwa lini, kondomu ilikuwepo au haikuwepo, wapenzi wangapi miezi mitatu iliyopita. Kama mmefanya kwa mdomo au kwa nyuma sema, sio kwamba anataka umbea, ni kwamba kisonono kinaweza kukaa kooni au kwenye njia ya haja kubwa na kipimo cha mkojo hakitakiona hata kidogo. Sema kama una mzio wa penisilini. Sema kama una mimba au unahisi unayo, kwa sababu doksisaiklini, vile vidonge vya klamidia, mjamzito hapewi, anabadilishiwa dawa. Na kidonda hata kama hakiumi kionyeshe, tena hicho kisichouma ndo cha kuogopa, kaswende huanza hivyohivyo, kidonda kimoja hakina maumivu, kinapotea chenyewe baada ya wiki chache na mtu anadhani amepona kumbe ugonjwa umeingia ndani unaendelea na safari zake.

Sasa kuna jambo linawaudhi watu, unatoka na dawa bila kupimwa maabara. Unaona kama umedharauliwa. Sio hivyo, pale ambapo vipimo havipo wanatibu kwa kufuata dalili, ndo utaratibu ambao hata Shirika la Afya Duniani limeuweka, mfano mwanaume anayetoka usaha anapewa dawa ya kisonono na ya klamidia kwa mpigo kwa sababu hao wawili hutembea pamoja mara nyingi. Kwa mwanaume mwenye usaha njia hii inafanya kazi vizuri. Kwa mwanamke ni dhaifu zaidi, maana ute unaotoka unaweza kuwa fangasi au bakteria wa kawaida waliozidi, wala sio ugonjwa wa zinaa. Na kwa asiye na dalili haimsaidii kabisa, na wanawake wengi wenye klamidia hawasikii chochote mpaka siku wanatafuta mtoto wanaambiwa mirija imeziba. Kwahiyo usiondoke kimya, uliza: kuna kipimo hapa? Kama hakuna kinapatikana wapi?

Damu ndo usikubali kuondoka bila kupima. Kaswende na VVU vinapimwa kwa tone la kidoleni na majibu unayapata humohumo ndani ya nusu saa. Ila ujue kuna kipindi cha kusubiri, ukipima wiki moja baada ya tukio ukaambiwa huna, hiyo haijakupa uhakika, inabidi urudie miezi mitatu ikitimia. Na kama tukio lenyewe ni la juzi, kondomu imepasuka au umebakwa, usisubiri foleni ya kawaida, sema mapokezi unataka dawa za kuzuia VVU, zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 na kadiri unavyowahi ndo bora, unakunywa siku 28. Mwenye kovu la kihisia naye aseme, kuna ushauri nasaha.

Kitu kingine cha kutosubiri: korodani moja ikikushika ghafla kwa maumivu makali, hiyo inaweza kuwa imejisokota, una saa chache tu kuiokoa, kimbia hospitali idara ya dharura. Vilevile mwanamke mwenye maumivu ya tumbo la chini pamoja na homa, au maumivu hayo na amekosa siku zake.

Matibabu yenyewe. Sindano ya kaswende inauma, sikudanganyi. Dawa yake ni nzito kama uji, jumla uniti milioni 2.4, mara nyingi wanaigawa nusu tako la kulia nusu la kushoto, na nesi mzuri anaisukuma polepole. Legeza mguu, simamia ule mwingine. Usiku wake unaweza kupata homa, kichwa kikagonga, ukatetemeka, watu wanadhani dawa imewadhuru, kumbe ni vijidudu vinakufa kwa wingi, huisha ndani ya siku moja. Ugonjwa ukiwa wa muda mrefu unachomwa mara tatu, kila wiki moja, na ukiruka wiki unaweza kuambiwa uanze upya.

Doksisaiklini unameza asubuhi na jioni siku 7, kunywa na maji mengi ukiwa umekaa au umesimama, usimeze afu ukajilaza maana inaunguza koo la chakula. Dalili zikiisha siku ya tatu endelea tu, dawa za siku nne zilizobaki usimgawie mpenzi. Nasisitiza hili la kugawana kwa sababu ndo kosa namba moja, watu wawili wanakula dozi ya mtu mmoja na wote wawili hawaponi.

Mpenzi anatakiwa aje mwenyewe. Kliniki nyingi zinatoa kikaratasi cha kumpa mwenza, akienda nacho hata kwenye kituo kingine wanajua cha kufanya bila kumhoji sana. Kumwambia ni kazi, najua, mi nilizunguka siku mbili. Mwisho nikasema "nimepimwa nimekutwa na maambukizi, nimeshaanza dawa, na we unatakiwa utibiwe hata kama husikii kitu", basi. Usianze na nani kamletea nani, klamidia inaweza kukaa mwilini miezi bila dalili kwahiyo hiyo kesi huenda hata haina mshtakiwa. Ukishindwa kabisa waombe wahudumu, sehemu nyingine wanaweza kumjulisha bila kutaja jina lako. Na ngono hakuna mpaka siku 7 zipite baada ya wote wawili kutibiwa, hata na kondomu ni heri mkae tu.

Halafu kurudi. Kama dalili hazijaisha baada ya wiki, rudi mapema, kisonono siku hizi kina usugu wa dawa na dokta anatakiwa ajue. Kama zimeisha, rudi baada ya miezi mitatu upimwe tena klamidia na kisonono, wengi wanaambukizwa upya hapo katikati. Kaswende ina mambo yake, kile kipimo cha haraka cha kidoleni kitaendelea kuonyesha unayo hata miaka kumi baada ya kupona, watu wamechomwa sindano tena na tena bure kwa sababu hiyo. Kinachoonyesha umepona ni kipimo kingine cha damu kinachotoa namba, mfano 1:32, na baada ya miezi 6 mpaka 12 wanataka kuona imeshuka angalau mara nne, yaani 1:8 au chini ya hapo. Kwahiyo namba yako ya kwanza iandike, ipige picha na simu, maana kadi za kliniki zinapotea na bila hiyo namba dokta wa mwaka kesho hana cha kulinganisha.