Jinsi ya kutumia "take" bila kukwama, kwa vijana wa boti, boda na gesti hapa Kigoma

Hili neno take la Kiingereza ukilikariri kuwa ni kuchukua tu, litakusumbua sana. Ni kweli ndo maana yake ya kwanza, "take your bag", chukua begi lako, hapo hamna shida. Shida inaanza mgeni amefika Kibirizi anakuuliza "can you take me to Gombe?" maana hapo anaulizia kama unaweza kumpeleka. Kwaiyo cha kwanza kabisa, usiliangalie take lenyewe, angalia linabebana na nini. Ni kama piga kwetu, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, na hakuna mtu anaewaza fimbo.

Hii ya kupeleka ndo ya kazi zaidi kwetu kwahiyo ishike vizuri. Unatoka nae hapa kwenda kule ni take, "I will take you to Ujiji". Kitu kinakuja kule aliko yeye ni bring, yaani mgeni yupo chumbani kapiga simu anataka maji, mwambie "I will bring you some water", ukimwambia take atajiuliza unayapeleka wapi. Peleka ni take, leta ni bring, Kiswahili kimeshatusaidia hapo.

Ya pili ni muda. Nasikia sana watu wanasema "we will use two hours" kwa sababu sisi tunasema tutatumia masaa mawili, lakini Kiingereza hakiendi hivyo, sema "it takes two hours", na anza na it hata kama huoni hiyo it ni nani, ndo inavyokaa. Akiuliza "how long does it take?" jibu "it takes", usisahau hiyo s. Ikiwa imeshapita ni "it took". Mfano unaoweza kumwambia mgeni pale stesheni, reli ya Mjerumani ilianza kujengwa Dar 1905 ikafika Kigoma 1914, kwaiyo "it took nine years to build this railway". Sentensi moja, na umempa historia.

Usafiri nao ni hivyohivyo, "take the train", "take a bajaji", maana yake panda.

Picha, "can you take a picture of us?", ushapewa simu mkononi pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, piga. Dawa, hata kama sisi tunakunywa vidonge, wao wanasema "take the tablets", ukisema drink atakuelewa ila inasikika vibaya. Kuoga Wamarekani wanasema take a shower na Waingereza have a shower, chagua yoyote. Take tea tumeizoea huku Afrika Mashariki, wageni wengi watasema have tea, wala usiogope kuitumia.

Sasa maumbo yake, hapa naomba uvumilivu. Take ya sasa, took ya jana, taken inakuja baada ya have au is. "I took them yesterday." "I have taken them." "Is this seat taken?" yaani kuna mtu hapa? Ukishaweka did, kitenzi kinarudi take, "did you take the boat?", sio did you took, did imeshabeba wakati uliopita peke yake inatosha.

Take off ni kuvua, kama viatu mlangoni, na pia ndege kuruka. Take care ni jitunze, unamwambia anaeondoka.

Kufanya mazoezi, chukua sentensi unazosema kila siku kazini kwako, za kupeleka watu, za muda, za picha, iseme kila moja ya leo, ya jana, na ya have. Zisemee kwa sauti ukiwa unasubiri abiria, ukiziandika tu daftarini mdomo hautazizoea.