Jinsi ya kuona kwa hadubini ukuta na utando wa seli vikiitegemeza na kuilinda tishu

Vijumba ambavyo mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliviona katika kipande cha kizibo cha gome la mti na kuviita seli, mwaka 1665, vilikuwa kuta tupu za seli zilizokwisha kufa. Tishu (kundi la seli) iliyo hai na laini haisimami kwa ukuta peke yake, bali kwa ukuta unaosukumwa na maji kutoka ndani, na jambo hilo huonekana vizuri katika kitunguu maji chekundu.

Andaa hadubini inayokuza mara 100 hadi 400, slaidi na kifuniko chake, wembe, kibano, karatasi ya kunyonya maji, na gramu 5 za chumvi zilizoyeyushwa katika mililita 100 za maji. Chana kidogo kwa wembe upande wa nje wa tabaka la kitunguu, ule uliobinuka, kisha uvute kwa kibano ngozi nyembamba yenye rangi ya zambarau. Ngozi ya upande wa ndani hubanduka kwa urahisi zaidi, ila haina rangi, na bila rangi utahangaika bure. Itandaze ndani ya tone la maji bila mikunjo, kisha ushushe kifuniko kwa mshazari ili mapovu ya hewa yasinaswe.

Anza na ukuzaji mdogo. Utaona seli zimepangwa kama matofali, kila moja imejaa rangi hadi pembeni, kwa kuwa maji yaliyo ndani ya vakuoli, yaani mfuko mkubwa wa maji ulio ndani ya seli, yanausukuma utando, ngozi nyembamba mno inayoizunguka seli kwa ndani ya ukuta, dhidi ya ukuta, nao ukuta wa selulosi unauzuia usipasuke. Chembe nyekundu ya damu, ambayo haina ukuta, ikitiwa katika maji matupu huvimba na kupasuka.

Sasa dondosha myeyusho wa chumvi kwenye ukingo mmoja wa kifuniko, na uguse ukingo wa pili kwa karatasi ili uvutwe chini yake. Usiondoe jicho. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya seli, na baada ya muda mfupi rangi huanza kuachia pembe za seli, kisha hujikunja na kuwa donge la zambarau iliyokoza, ilhali ukuta unabaki palepale na umbo lake lilelile. Ukingo wa donge hilo ndio unaokuonyesha ulipo utando, ambao kwa wembamba wake hauonekani wenyewe kwa hadubini ya mwanga. Nafasi iliyoachwa wazi si tupu: imejaa maji ya chumvi, kwani ukuta huyapitisha, lakini utando huizuia chumvi.

Mara tu unapoyaona hayo, ingiza maji safi kwa njia ileile, na seli zitajaa tena. Zile ambazo rangi yake imevuja na kusambaa, utando wake umeharibika; bandua ngozi nyingine, na safari hii usiicheleweshe katika chumvi.