Kabla ya kusimamisha seva ya DNS ya ofisini, tazama saa

Wengi hukimbilia kusakinisha Unbound, programu ya kuendesha seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba za IP), kisha jioni nzima inaishia kutafuta kosa lililokuwepo tangu asubuhi. Kwenye Ubuntu, systemd-resolved, huduma ya majina inayokuja na mfumo, imeshakalia poti 53, ambayo ndiyo ya DNS, katika anwani 127.0.0.53. Andika `sudo ss -lunp | grep :53` uone nani yumo. Utaiondoa kwa `DNSStubListener=no` ndani ya /etc/systemd/resolved.conf, ila pakua kwanza kila kifurushi unachohitaji. Ukiizima huku /etc/resolv.conf, faili linaloiambia mashine iulize majina wapi, bado inaelekeza kwenye 127.0.0.53, mashine haitajua jina lolote na apt, kisakinishi cha vifurushi, itabaki inahangaika. Yamenikuta, tena mara mbili.

Linalosahaulika zaidi ni saa. Unbound ikikagua saini za DNSSEC, zinazothibitisha kuwa majibu ya DNS ni halali, hulinganisha tarehe zake na saa ya mashine. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi hadi toleo la 4 haina saa ya betri: umeme ukikatika Ijumaa na kurudi Jumatatu, inaamka ikidhani bado ni Ijumaa. Saini zilizotolewa wikendi inaziona hazijaanza kutumika, kwa hiyo inakataa majibu. Ili irekebishe saa inahitaji jina la seva ya NTP, inayotoa saa sahihi kupitia mtandao, na jina hilo halipatikani kwa sababu saa ni mbovu. Hapo imejifungia nje, ufunguo uko ndani. Nunua kimoduli cha saa kama DS3231, au andika seva ya NTP kwa namba ya IP badala ya jina.

Kumbukumbu (RAM) isikusumbue, akiba (cache) za Unbound huanza na megabaiti chache tu, hata kompyuta kuukuu inatosha. Ipe IP isiyobadilika, na ufungue poti 53 kwa UDP na TCP zote mbili.

Amua mapema nani ahudumiwe. Kwa kawaida Unbound huijibu mashine iliyomo tu, hivyo ongeza mtandao wako: `access-control: 192.168.1.0/24 allow`. Anayeandika 0.0.0.0/0, yaani kila mtu, kwenye mashine inayofikika kutoka intaneti anawaazima wahuni rungu: swali dogo lenye anwani bandia, jibu kubwa linamwangukia mtu mwingine.

Kwenye DHCP ya ruta, inayozigawia kompyuta mipangilio ya mtandao, usiweke 8.8.8.8 (DNS ya Google) kama DNS ya pili "kwa dharura". Kompyuta nyingi haziheshimu zamu, zitaitumia hata seva yako ikiwa nzima. Halafu, kabla hujagusa chochote, piga `dig bbc.com`, amri ya kuuliza DNS, na uandike milisekunde za Query time, upate cha kulinganisha baadaye.