Kutengeneza kaboni doti za ndimu za kupigia picha seli

Ndimu zikishuka bei sokoni Darajani ndo wakati wa kutengeneza kaboni doti, maana asidi ya sitriki ndo tunayoitaka na ndimu imejaa hiyo. Kaboni doti ni vipunje vya kaboni, vingi havifiki hata nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ukivimulika kwa tochi ya yuvi (hata ile ya kukagulia noti) vinang'ara buluu. Viligunduliwa kwa bahati tu, mwaka 2004 huko Marekani, watu wanasafisha mirija ya kaboni wakaona uchafu wao unawaka. Wa baiolojia wamevipenda kwa sababu kwantamu doti (vipunje vyengine vinavyong'ara) nyingi za zamani zina kadmiamu, na kadmiamu ni sumu.

Kamua ndimu, pitisha kwenye kifumbu kama unachuja tui, kisha karatasi ya chujio mpaka maji yawe hayana nyama. Chukua mililita 30, ongeza maji ya distilled 30, tia yurea nusu gramu (ya maabara jamani, si ya shambani), nitrojeni yake inazidisha mwanga. Usizidishe, yurea ikipata moto inatoa gesi.

Mimina kwenye otoklevu (chombo kinachofungwa kabisa, kinachohimili presha) ndogo ya chuma yenye kikombe cha tefloni cha mililita 100, isizidi thuluthi mbili, funga barabara, tia kwenye oveni ya maabara nyuzi 180 kwa saa 6. Umeme ukikatika katikati mie naanza upya. Na usende kujaribu na presha kuka ya nyumbani, kwa joto hilo mvuke wa maji peke yake unafika kama mara 10 ya hewa ya kawaida. Ikishamaliza iache ipoe yenyewe mpaka uishike kwa mkono ndo ufungue.

Utakuta maji ya rangi ya chai ya rangi na masizi chini. Zungusha kwenye sentrifuji mizunguko 10,000 kwa dakika, kwa muda wa robo saa, chukua ya juu, pitisha chujio la maikroni 0.22.

Sasa hapa ndo watu wanapokosea, na mie nlikosea. Maji yale yakimulikwa yanawaka vizuri, nikaona basi kazi imekwisha nikaenda kuyatia kwenye seli, picha ikatoka buluu tupu kila mahali, kumbe nyingi ilikuwa molekuli ndogondogo zinazozaliwa humohumo kwenye joto nazo zinang'ara, si doti. Kwa hiyo tia kwenye mfuko wa dayalisisi wa dalton 1,000 (mfuko unaopitisha molekuli ndogo na kubakisha kubwa; dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), uzamishe kwenye bika kubwa ya maji ya distilled, ubadilishe maji kila baada ya saa chache kwa siku moja mpaka mbili. Kila ukibadilisha zima taa umulike yale maji ya nje: mara ya kwanza yanawaka kweli, kila mara yanafifia, yakiwa hayawaki tena ndo uache. Kilichobaki ndani ya mfuko ndo chako, hata kama kimepungua ung'aavu usisikitike. Kausha kidogo upime uzito ujue mililita moja ina kiasi gani.

Kwenye seli anza na kipimo cha MTT (dawa ambayo seli hai huigeuza rangi) kuona kama zinakufa, jaribu maikrogramu 50, 100 na 200 kwa mililita. Zikivumilia, ziache na doti saa 4, osha kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) mara tatu, peleka kwenye maikroskopu. Usitegemee buluu, maana seli zenyewe zinawaka buluu bila kutiwa kitu, mulika kwa mwanga wa nanomita 488 utafute kijani, doti hizi zinabadilisha rangi kufuata mwanga unaozimulika. Weka na sahani mbili za kulinganishia, moja seli tupu, nyengine imetiwa maji ya ndimu yasiyopikwa. Hiyo ya pili watu wanaisahau, afu mwalimu akiuliza wanabaki wanatazamana.

Zinazobaki zifunge foili uziweke frijini, na uandike tarehe, chupa ya kahawia bila jina mtu ataimwaga.