Kuwekeza Pemba: anza na maji bamvu, kisha sheha, ndipo karatasi

Mtu akisema anataka kuwekeza Pemba, mara nyingi kichwani mwake mna Unguja: ufukwe mweupe, hoteli, watalii. Pemba ni kisiwa kingine. Pwani yake sehemu kubwa ni mikoko na hori (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu), fukwe ndefu za mchanga ziko zaidi kaskazini, na riziki ya watu hutoka kwenye karafuu, mwani, samaki na mashamba. Kisiwa hakifiki kilomita za mraba 1,000, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki tano, karibu nusu kwa nusu baina ya Mkoa wa Kaskazini (Wete na Micheweni) na wa Kusini (Chake Chake na Mkoani).

Kabla ya kuulizia bei ya kiwanja, tazama udongo. Magharibi na katikati ni vilima na mabonde, mvua nyingi, udongo wa kina: mikarafuu juu, mpunga chini. Ukielekea mashariki, na hasa Micheweni, unaingia kwenye uwanda wa mawe, udongo vidole vichache juu ya jiwe la matumbawe. Uwanda unabeba kiwanda, ghala, mifugo na muhogo. Mwenye kuomba ardhi huko kwa ajili ya vanila ameshapotea kabla hajachimba shimo la kwanza.

Karafuu: mlango uliofungwa na ule ulio wazi

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka Pemba. Mgeni husikia hayo akapiga hesabu ya kununua kwa wakulima na kusafirisha mwenyewe. Hawezi. Mnunuzi ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), na kwa Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya 2014 kuzitoa nje ya utaratibu huo ni magendo. Gunia linalokamatwa kwenye dau linaloelekea Mombasa halirudi, na mwenye dau naye ana kesi.

Kazi iliyobaki wazi ni ile inayozunguka karafuu. Msimu ukiiva, kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, na jua la siku nne hadi saba ndilo linaloamua daraja. Karafuu zilizochambuliwa zikalala rundo usiku mzima hupata joto, huvunda na kupauka, na hapo daraja la kwanza limekwenda. Zikianikwa juu ya lami zinabeba mchanga na harufu ya mafuta ya gari. Kwa hiyo mkulima anataka majamvi na maturubai mengi kwa wakati mmoja, ngazi, magunia, usafiri wa kutoka shamba hadi kituo, na mahali pa kukaushia mvua za vuli zikimkuta na mzigo. Wanaokodisha vitu hivyo kwa msimu hufanya biashara bila kugusa karafuu yenyewe. Vitalu vya miche navyo vina soko, kwa sababu mikarafuu mingi imezeeka.

Viungo vingine havina mnunuzi wa lazima: pilipili manga, mdalasini, mchaichai, vanila. Usidanganywe na bei ya vanila peke yake. Kila ua huchavushwa kwa mkono asubuhi lilipofunguka, ganda husubiri miezi tisa hivi mtini, na kilo tano hadi sita mbichi hushuka kuwa moja iliyokwisha kutengenezwa. Mwizi anajua hesabu hiyo kama wewe. Wakulima wengi huvuna mapema kwa hofu yake, na ganda lililokatwa changa halipati harufu hata likitengenezwa na fundi. Weka gharama ya mlinzi tangu mwaka wa kwanza wa maua.

Mwani: hapa ndipo pa kuanzia kwa mtaji mdogo

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kuna mwani mwembamba, mvumilivu na wa bei ya chini, na mwani mnene, ambao bei yake kwa kawaida ni mara mbili au zaidi lakini hufa upesi maji yakipata joto. Pemba bado ina sehemu ambazo mnene unakubali. Ndiyo maana wanunuzi wanaifuata.

Kuchagua eneo ni kazi ya bamvu moja zima, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na haikubali haraka. Nenda maji yanapokupwa kabisa, simama mahali unapokusudia kupanda, upime kina. Yakibaki baina ya muundi na goti, panafaa. Pakikauka, jua litaunguza mwani mchana mmoja tu. Chini pawe mchanga wenye majani machache ya bahari. Tope hufunika miche. Kaa mbali na midomo ya mito, kwa sababu mvua kubwa za masika huteremsha maji baridi, yasiyo na chumvi, na mwani hauyawezi. Mkondo uwepo wa kutikisa kamba bila kuzing'oa. Rudi tena maji mafu, siku ambazo hayapwi sana, uone kama unaweza kufanya kazi siku hizo. Mara nyingi huwezi, na hapo utajua una siku ngapi za kazi kwa mwezi.

Vigingi viwe vya mvinje au mti mwingine wa shamba. Kukata mikoko bila kibali ni kosa, tena unabomoa ukuta unaokukinga na tope. Kamba ya mita 5 yenye tai-tai (vikamba vya kufungia miche) kila sentimita 20 hubeba miche 25. Ukifunga miche ya gramu 100, kamba moja inakula kilo 2.5 za mbegu. Baada ya wiki sita, bahari ikikubali, kila mche unafika gramu 600 hivi: kilo 15 kwa kamba. Toa kilo 2.5 za mbegu ya mzunguko ujao, zinabaki 12.5 mbichi. Mwani hupungua mara saba hadi nane ukikauka, kwa hiyo mkononi una kilo moja na nusu. Anayetaka tani moja kavu kwa mavuno anahitaji karibu kamba 650. Zidisha kwa bei ya pwani ya siku hiyo, bei ya mjini usiitumie, ndipo uamue kama unaajiri au unanunua kwa wakulima waliopo.

Hesabu hiyo huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuvuna kabla ya wiki sita kwa kukimbilia fedha: uzito haujajaa na utomvu unaotafutwa na viwanda, karajinani, haujakomaa. Ya pili ni samaki aina ya tasi, na kasa, ambao hula miche michanga. Kamba za pembeni ndizo huliwa kwanza, basi ziangalie hizo. Ya tatu ni joto la Disemba hadi Machi. Matawi hupata madoa meupe, hulainika, hukatika. Ukiona weupe kwenye kamba chache, vuna zote zilizo karibu siku hiyohiyo na uanike. Usiziache kwa tamaa ya uzito, wala usichukue mbegu hapo.

Mwani mnene hupona zaidi ukipelekwa kwenye kina cha mita mbili hadi sita, kamba zikielea kwa maboya. Hapo gharama inabadilika: unahitaji chombo, nanga na watu wanaojua kuogelea. Mradi unaowatoa wanawake kwenye maji ya goti na kuwapeleka kilindini bila kuwafunza kuogelea utabaki na maboya yanayoelea bila kamba.

Kausha juu ya chanja, siku mbili hadi tatu, ukigeuza. Mwani ulioanikwa mchangani hubeba mchanga, na mnunuzi akishautia mkono ndani ya gunia bei inashuka kwa gunia zima. Ukinyeshewa hupauka na kupoteza thamani, kwa hiyo turubai liwe pembeni ya chanja tangu asubuhi, lisibaki nyumbani. Na jihadhari na kamba za bure: mnunuzi anayekukopesha kamba na tai-tai ndiye atakayekupangia bei. Kamba zako ni uhuru wako wa kuuza kwa mwingine.

Samaki, majongoo, watalii

Soko la Tumbe, kaskazini, ndipo pa kujifunza bei za samaki kabla ya kununua boti. Tatizo la Pemba katika samaki ni barafu kuliko samaki wenyewe. Kwa hali ya joto yetu hesabu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na anayetengeneza barafu ya uhakika karibu na diko, mahali vyombo vinaposhusha samaki, ana wateja kila siku. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa. Wanunuzi wa Kongo huwafuata hadi Zanzibar, na wanachotaka ni ukavu na usafi.

Majongoo bahari na kaa wa mikoko huingiza fedha nzuri, ila usianze mpaka ujue vifaranga unapata wapi kwa halali. Kuokota majongoo madogo baharini ukayafungia si ufugaji. Utalii wa Pemba ni wa kuzamia: mkondo wa bahari upande wa magharibi una kina cha mamia ya mita, na Misali imo ndani ya eneo la hifadhi. Vyumba vichache vya bei ya juu vinaendana na kisiwa. Hoteli ya vitanda mia mbili itagombania maji na kijiji.

Ardhi: mti una mwenyewe

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Anachopata mwekezaji ni mkataba wa ukodishaji. "Nimemnunulia mzee shamba lake" haikusimamishi popote. Juu ya hilo, shamba linaweza kuwa na wenyewe wawili au watatu: aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi, warithi wake, na mtu mwingine kabisa mwenye minazi au mikarafuu humo. Mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na mwenye mkarafuu ana haki ya kuja kuchuma.

Basi fanya hivi. Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia, kwanza, asubuhi, ukiwa na mwenyeji, kabla hujaonekana ukipima. Eleza unachotaka, uulize nani analima, nani ana miti, njia ya wavuvi inapita wapi. Kisha hesabu vipando vyote, mti kwa mti, mbele ya sheha, wenye miti na bwana shamba. Andika aina na umri, piga picha, kila mtu atie saini. Orodha hiyo ndiyo itakayokuokoa siku ya fidia, wakati migomba ya jana usiku inapodai kuwa ya miaka mitano. Ufukweni, zungumza pia na kamati ya wavuvi ya shehia. Ukifunga njia ya diko utashinda ofisini na kushindwa pwani.

Karatasi, kwa mpangilio unaofanya kazi

Usajili wa kampuni si jambo la Muungano. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa Bara, lazima ishughulikiwe upya kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA) wa Zanzibar. Baada ya hapo namba ya mlipakodi. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni vya Muungano, viko TRA. VAT ya Zanzibar iko ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, kwa sheria yake na viwango vyake, kwa hiyo usinakili hesabu ya VAT ya Dar es Salaam. Ndipo uende Mamlaka ya Uwekezaji (ZIPA) na mchanganuo wa mradi na uthibitisho wa mtaji; cheti chake ndicho kinachofungua misamaha ya vifaa, na vifaa vilivyoagizwa kabla ya cheti kutoka vinaweza kulipiwa ushuru wote. Ukodishaji wa ardhi hupitia Kamisheni ya Ardhi, na tathmini ya mazingira hupitia ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Chakula na viungo vilivyofungashwa vina viwango vya ZBS (shirika la viwango la Zanzibar) na usajili wa ZFDA (wakala wa chakula na dawa).

Siri ndogo ya Pemba ni kwamba wizara nyingi zina Afisa Mdhamini, mwakilishi wa wizara, kisiwani. Faili lililoanzia kwake Chake Chake na kupanda Unguja hutembea. Lililoanzia Unguja na kuteremshwa Pemba hukaa likisubiri maoni ambayo yangetolewa siku ya kwanza.

Umeme na bahari ya kuvuka

Tangu 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, kilovolti 33, uwezo wa megawati 20 hivi. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta. Waya ni tegemeo moja, kwa hiyo chumba cha baridi kisicho na jenereta yake ni jeneza la samaki. Mizigo huingia zaidi kwa Mkoani, na mingine Wete. Njia ya kurukia ndege iliyojengwa zamani ni ya kama kilomita moja na nusu, ya ndege ndogo, na kilo za mizigo huhesabiwa.

Kwa mzigo unaoharibika panga kinyumenyume: jua chombo kinaondoka saa ngapi, toa saa za kupakia, toa safari ya barabara kutoka Konde au Micheweni hadi Mkoani, ambayo ni kisiwa kizima kwa urefu, ndipo useme nyavu zitolewe majini lini. Kusi linapovuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, ongeza siku moja nzima ya barafu.