Somo: Jumamosi na Jumapili Ujiji, kwa miguu

Wengi wanaoshuka Kigoma huipa Ujiji saa moja: bodaboda hadi kwenye kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mwingereza, picha, kisha wanageuza. Mimi ni mzaliwa wa pale na jambo hilo linaniuma. Ujiji, mji mkongwe kando ya Ziwa Tanganyika, ndiko ilikoishia njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ikapitia Tabora. Itengeeni siku nzima.

Hatua ya 1. Fika Ijumaa, ulale Kigoma mjini au Mwanga. Ukija kwa treni, litazame jengo la stesheni kabla ya kuita bajaji. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1914.

Hatua ya 2. Jumamosi alfajiri nenda mwalo wa Kibirizi. Ila kwanza angalia mwezi! Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na penye mbalamwezi taa haiwavuti, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika. Usiku wa giza ukipita, utawakuta kina mama wamewatandaza juani, wakichambua uchafu kwa vidole, kimoja kimoja.

Hatua ya 3. Panda daladala la Ujiji, shuka sokoni, unywe chai. Kisha teremka polepole kuelekea ziwani, ukiwaamkia wazee walioketi barazani. Kwenye makumbusho lipa kiingilio na uchukue mwongozaji. Atakuonyesha ilipo kumbukumbu ya Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, kumkuta hapa mwaka 1871. Muulize habari za Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumlaki Stanley. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na mtumishi mwenzake Chuma walikuwa miongoni mwa walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Halafu simama kidogo chini ya miembe, uwakumbuke waliopita hapa na pembe za ndovu mabegani, na waliopita wakiwa wamefungwa minyororo. Hao hawakujengewa mnara.

Usishangae kuona ziwa liko mbali na kumbukumbu. Zama zile maji yalikuwa juu zaidi; baadaye yalifungua njia kwa mto Lukuga, upande wa Kongo, yakashuka.

Hatua ya 4. Jumapili pumzika. Kula mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa kuchoma, na ugali wa muhogo kwa mboga iliyoungwa mawese.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nipo Tabora, nina watoto wawili. Tuunganishe na Gombe?*
Marahaba, mwanangu. Hapana. Gombe hufikiwa kwa boti, na sokwe hawana ratiba. Itafutie siku zake. Ila kabla hamjaondoka Tabora, wapeleke watoto Kwihara wakaone tembe, nyumba ya udongo, walimofikia Livingstone na Stanley mwanzoni mwa 1872, baada ya kutoka Ujiji. Watafika huku wakiwa na maswali yao wenyewe.

*Mavazi je?*
Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zamani. Dada zangu, khanga au kitenge kisikose begani. Kaka zangu, kaptura muiache ufukweni. Na usimpige mtu picha kabla hujamwomba.

*Nataka kurudi Dar na dagaa. Nitawajuaje waliokauka?*
Mkunje mmoja. Akivunjika kwa mlio, chukua. Akijipinda bado ana maji, atakuvundia njiani. Watie kwenye kiroba safi, na dumu la mawese lisimame mbali na nguo, limefungwa nailoni mdomoni.